Nguzo za Kordoba

Mwezi uliopita, kule Hispania, niliingia msikiti wa kale wa Kordoba, ambao sasa ni kanisa. Matao yake mekundu na meupe niliyajua tangu utotoni, kwenye picha ya kalenda ya sebuleni kwetu, mtaa wa Katuba.

Mchana mmoja wa utoto huo nyumba ilinuka kafuri. Nyuma ya pazia wanawake walimwagamwaga maji, wakimwosha mama.

"Mama iko wapi?" nilimuuliza shangazi.

"Alienda ku nyumba ya Mungu, mutoto wangu."

Nyumba hiyo baba alishanionyesha: ile ya kalenda. Nikavua viatu, nikakaa chini ya kalenda nikimngoja mama atokee kati ya nguzo.

Mwezi uliopita, humo Kordoba, niliinua mikono nimwombee mama. Mlinzi akatikisa kichwa. Waislamu hawaruhusiwi tena kusali humo. Nikaishusha. Halafu, na utu uzima wangu, nikaanza kuchungulia nyuma ya kila nguzo.