Kidole Kwenye Mpira wa Maji

Mpira wa plastiki uliolala juani una harufu yake nzito, na ukiwa na maji ndani harufu hiyo huchanganyika na uvundo wa dimbwi. Niliisikia tena mwezi uliopita kule Mwandiga, ninakojenga kijumba changu, fundi alipoukunjua mpira wake mbele ya msingi. Mate yalinijaa mdomoni, nikageuka nikatema. Fundi alidhani nina mimba, akanitafutia kiti. Nikamwacha adhani hivyo, maana ukweli ni mbaya zaidi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Buzebazeba, kwenye kiwanja ambacho babu aliwaachia wanawe wawili, yaani baba yangu na kaka yake, Baba Mkubwa. Nyumba zilipakana, na waliokuwa ndani hawakupatana hata kwa salamu. Chanzo kilikuwa maji. Nyuma yetu kulikuwa na mwinuko, na mvua ikinyesha, maji yote ya huko juu yaliteremka yakajaa uani, mekundu, yamebeba makapi ya mawese na kandambili za watu. Baba Mkubwa aliziba upande wake kwa viroba vya mchanga. Baba akaenda na mtarimbo akavitoboa. Mama na Mama Mkubwa walirushiana juu ya ua maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, ingawa nayakumbuka yote, na mengine nimeyatumia ukubwani. Hata sikukuu ya Idi pilau ilipikwa mara mbili, na sisi watoto tulikatazwa kuonja ya upande wa pili.

Nilimchukia Baba Mkubwa. Nasema bila haya, kwa sababu nilifundishwa kumchukia kama nilivyofundishwa kunawa mikono. Nilichukia kikohozi chake cha alfajiri na miwani yake iliyofungwa uzi. Zaidi ya yote nilichukia alivyoniita. Nilikuwa nimepewa jina la bibi, mama yao mzazi, kwa hiyo yeye aliniita "mama", kwa heshima kamili, hata siku alizotoka kumtukana baba. Nilimwamkia nimeuma meno, naye aliitikia, "Marahaba, mama," utadhani tumekula pamoja asubuhi.

Bibi alikaa kwetu. Chumba chake kilikuwa uani, kwenye kona, cha tofali mbichi, nami nililala naye kitanda kimoja. Chumba kilinukia mawese aliyojipaka magotini, na nikimgusa mgongo kwa miguu yenye baridi alinitukana kwa Kiha mpaka nikacheka. Sikujua kulala kwingine.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alipochoka kuamua ugomvi kila masika, alisema uchimbwe mtaro mmoja nyuma ya nyumba zote mbili, uyapeleke maji barabarani. Hapo ndipo vita vilipoanza hasa. Mtaro ukipitia kona ya Baba Mkubwa, jiko lake linavunjwa. Ukipitia kona yetu, chumba cha bibi kinavunjwa, na bibi anahamia kwa Baba Mkubwa aliyekuwa na chumba cha ziada. Alishaanza hata kukipaka chokaa. Mjumbe akasema ardhi ipimwe, na kona itakayoonekana iko chini ndiyo ipitishe maji. Wote wawili waliapa kukubali.

Aliletwa Fundi Anselemi, Mrundi aliyelowea Bangwe miaka mingi. Walimkubali kwa sababu hakuwa ndugu wa yeyote. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliujaza maji mpira mrefu mwembamba unaoonyesha ndani, akachomeka ufito mmoja kona yetu na mwingine kona ya Baba Mkubwa, kisha akatueleza sisi watoto, maana watu wazima walikuwa wakitazamana vibaya tu.

"Umva," alisema, yaani sikilizeni. "Ncha moja hapa, nyingine kule. Maji yatasimama sawasawa pande zote mbili, hata mpira ukilala shimoni katikati. Tunaweka alama yalipo, tunapima kwenda chini. Palipo parefu ndipo ardhi iko chini."

Akatuonyesha pia kwamba ukitembea na mpira sharti uzibe ncha kwa kidole gumba, maji yasimwagike. Akikwambia toa, unatoa, maji yapumue.

Alihitajika mtu wa kushika ncha ya pili. Kila aliyetajwa na baba, Baba Mkubwa alimkataa, na kila aliyetajwa na Baba Mkubwa, baba alimkataa. Fundi alikaa chini kusubiri. Mwishowe Baba Mkubwa alininyooshea mkono.

"Ashike mama," alisema. "Huyu ana jina la mama yetu. Hawezi kunidanganya."

Kila mtoto aliyewahi kunywa soda kwa mrija anajua mchezo huu. Ukiziba tundu la juu kwa kidole, ukanyanyua mrija, soda inabaki humo humo inaning'inia. Ukiachia, inaporomoka. Nilikuwa nimeucheza mara nyingi. Nilisimama kwenye ufito wa Baba Mkubwa, ncha nimeiziba, na nilikuwa namfikiria bibi akilala peke yake kwenye chumba chenye chokaa. Nikaunyanyua mpira kama nusu shibiri. Maji yakapanda nao, na kipimo cha kona ile kikarefuka.

"Toa kidole!" fundi aliita kutoka kona yetu.

"Nimetoa," nilisema.

Nilikuwa nimeifumbata ncha kiganjani, gumba likiwa limebana juu. Baba Mkubwa aliinama, akasogeza miwani, akaweka alama ya penseli pale maji yalipokuwa, kwa mkono wake mwenyewe. Kikohozi chake kilinipiga usoni. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

Walipopima, kona ya Baba Mkubwa ilionekana iko chini. Fundi alikuna kichwa, akautazama uwanja, akasema macho yake yanamwambia vingine na angependa kurudia. Baba alimkatiza, akasema kipimo ni kipimo na watu wameapa. Baba Mkubwa hakubisha. Kesho yake alibomoa jiko lake mwenyewe kwa nyundo, na mama alipiga kigelegele ndani ya nyumba, kwa sauti ya kutosha kusikika nje. Mimi nilipiga pamoja naye.

Mtaro ulichimbwa, ukasakafiwa kwa saruji, ukapendeza. Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, nzito, ya kutokea ziwani. Tulitoka kwenye kibaraza kutazama maji yakienda kwa adui. Yaliingia mtaroni, yakasogea upande wa Baba Mkubwa, yakafika mahali yakasimama. Kisha yakaanza kurudi. Sijapata kuona kitu kilichonitisha namna ile, maji yasiyo na haraka, yakija kwetu. Mwisho wa mtaro upande wetu haukuwa na njia ya kutokea, kwa hiyo yalijaa, yakapanda, yakaegemea ukuta wa bibi. Tofali mbichi zikilowa kwa chini hulainika kama ugali.

Baba alikuwa bado anatafuta jembe wakati Baba Mkubwa aliporuka ua. Aliingia chumbani kwa mama yake, akatoka naye mgongoni, bibi akipiga kelele kwamba mkeka wake umebaki ndani, na ukuta ukaanguka nyuma yao. Jioni ile bibi alilala kwenye chumba chenye chokaa. Hakurudi kwetu tena mpaka alipokufa.

Asubuhi Fundi Anselemi alikuja bila kuitwa, mpira wake umejaa maji begani, ncha zote mbili amezishika mkono mmoja. Baba na Baba Mkubwa walimpokea mlangoni wakiwa wamesimama pamoja, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Walimwita mwongo, wakamwita Mrundi kana kwamba ndilo tusi kubwa kuliko yote, wakamwambia arudi kwao. Yeye aliomba kitu kimoja tu, apime tena mara moja. Walikataa. Ndipo aliponigeukia mimi.

"Mwanangu, siku ile ulitoa kidole?"

"Nilitoa."

Nilimtazama baba. Alikuwa akikwangua tope kwenye kiatu.

"Umesikia," baba alimwambia fundi. "Toka."

Baba Mkubwa aliuvuta mpira begani kwa fundi, akauweka kwenye jiwe, akaukata kwa panga. Maji yakamwagika ardhini. Yakajikusanya kidogo, kisha yakatambaa polepole kuelekea kona yetu, mbele ya macho ya kila mtu. Fundi aliyatazama mpaka yakaishia. Akaokota vipande vyake viwili, akaondoka.

Baada ya hapo ndugu hawa walipatana. Idi iliyofuata pilau ilikuwa moja, na maongezi ya mezani yalikuwa jinsi Anselemi alivyotuharibia nyumba. Buzebazeba nzima haikumpa kazi tena. Nilisikia alihamia mbali na ziwa. Nilikula pilau ile, na ilikuwa tamu.

Kwa miaka mingi niliamini uongo ule ulikuwa wangu peke yangu. Mwaka jana, baba akiwa mgonjwa, nilikuwa namkata kucha nikaanza kumweleza. Hakuningoja nimalize.

"Nilikuona," alisema. "Nilifurahi, ndiyo maana nikanyamaza."

Niliendelea kumkata kucha, lakini kwa hasira. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilichotaka ni kulala na bibi yangu. Yeye alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu, na kuokoa jiko la kaka yake pamoja na jina la yule fundi kulihitaji aseme neno moja tu.

Kule Mwandiga nashika ncha ya pili mwenyewe. Fundi akisema toa, nanyanyua mkono mzima, vidole vyote vimetanuka, na wajenzi wananicheka. Maji yanashuka, yanapanda kidogo, yanatulia. Fundi Anselemi sikumtafuta, na sasa sijui pa kuanzia. Baba Mkubwa naye ameshakufa, na mpaka siku ya mwisho aliniita mama, nami nikamwitikia.