Nilivyomwambia Mtu wa Bima Kuwa Mkono Mzuri

Nakumbuka siku moja ya gulio pale Mkuyuni, mwanangu, nikiwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimepanga mananasi yangu kando ya barabara na maneno ya kuwaitia wateja hayaniishi mdomoni. Lori la mchanga lilifeli breki kwenye mteremko, likayapitia mananasi, likanibana mkono wa kulia kwenye ukuta wa duka. Sitaki kukueleza zaidi ya hapo. Hata leo nikisimulia natokwa jasho.

Mkono uliungwa hospitali ya mjini, lakini haukurudi kuwa ule. Vidole vitatu viligoma kukunjika. Jembe sikuweza kulishika, na mkono huo ndio uliokuwa ukitulisha mimi na mama yangu, ambaye alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja, lilikuwa na bima, na polisi walituambia nina haki ya kulipwa fidia. Tukangoja.

Baada ya miezi minne akaja mtu wa bima, baba wa makamo, mpole, aliyepanda mlima kwa miguu mpaka nyumbani kwetu. Nikamwamkia, nikamtandikia mkeka. Akauliza, "Mkono unaendeleaje, binti?" Nikamjibu, "Mzuri, baba. Namshukuru Mungu."

Sasa ningejibu nini kingine? Kwetu mtu hata akiwa hoi kitandani, akiulizwa hali husema nzuri kwanza. Maumivu yanafuata baadaye, mgeni akishakunywa chai. Nami chai nikaenda kuileta. Nililibeba sinia kwa mikono miwili, meno nimeyauma, maana niliona aibu kumhudumia mgeni kwa mkono wa kushoto. Yeye akanitazama, akaandika. Akanipa karatasi nitie sahihi, nikatia bila kuisoma, kisha nikamsindikiza hadi njia panda na kumtakia safari njema. Adabu zangu zote nilizimaliza siku ile.

Barua ilipokuja ilisema nimeshapona, kwa hiyo nitarudishiwa gharama za matibabu basi. Nililia siku nzima. Mjomba wangu, kaka yake mama na mkubwa wa ukoo wetu, aliisoma mara mbili, akataka kujua nilimwambia nini yule mgeni. Nilipomweleza hakunigombeza. Alisema tu, "Chai ulimpa, vizuri. Na mkono nao ukampa?"

Kesho yake akanipeleka hospitali. Daktari alipouliza hali, nikaanza tena na nzuri yangu. Mjomba akanikatiza, akaniambia nimweleze daktari ni nani anayenifunga vifungo vya gauni asubuhi. Alikuwa mama, na mgonjwa vile vile. Hapo nikasema yote, kwa aibu na machozi. Daktari akapima kidole kimoja kimoja, akaandika kwamba ni kilema cha kudumu, na wakili aliyetafutwa na mjomba akaifikisha kesi mahakamani.

Siku ya kutoa ushahidi, wakili wa upande wa pili akasimama na ile karatasi yenye sahihi yangu. Akaisoma pole pole: mkono mzuri, namshukuru Mungu. Akauliza kama maneno ni yangu. Nikakubali. Akauliza basi kama niliongopa siku ile au naongopa leo. Nikijibu hivi, mimi ni mwongo. Nikijibu vile, nimepona.

Hakimu, mama mtu mzima, akaniambia nisiogope, nijibu.

Nikasema, "Mheshimiwa, siku ile nilikuwa nasalimiwa. Leo ndiyo nimeulizwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. Kisha akaniomba niishike kalamu ile kwa mkono wa kulia. Ikaniponyoka mbele ya watu wote.

Nililipwa, na si haba. Lakini tangu siku ya ile chai hadi siku ya malipo ilipita miaka miwili, na mama hakuifikia. Dawa alizozikosa alizikosa kwa sababu ya neno langu moja la adabu. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Likikupata la kukupata barabarani, adabu usiitupe. Amkia, karibisha, toa chai. Ila mtu wa bima, polisi au daktari akikuuliza juu ya mwili wako, mwambie panapouma na usichoweza tena kukifanya, bila kuongeza chumvi na bila kujikaza. Vyeti vya hospitali vitunze. Karatasi usiitie sahihi mpaka mtu unayemwamini amekusomea. Kudai haki yako si kumvunjia mgeni heshima. Mimi nilichelewa kulijua hilo.

Mungu akuepushe na mabaya ya njiani. Na yakikufika, akupe ujasiri wa kusema mapema, wale wanaokutegemea wakiwa bado hai.