Shemeji Aliyeandikwa Homa

Shemeji yangu alikufa akiwa amebeba mkungu wa ndizi. Hakuwa anaumwa. Asubuhi ile alinitania kwamba watu wa sekondari wanapika ugali kwa kitabu, akaenda shambani, na wakati wa kurudi akaanguka kabla ya kuvuka mfereji.

Nilijiteua mwenyewe kwenda barazani kuandikisha kifo. Mume wangu alikuwa akichimba kaburi, na mimi ndiye msomi wa boma, jambo ambalo sikumruhusu mtu kulisahau. Mama mkwe, mama yake marehemu, akanifuata. Si kwamba aliniamini.

Kwa Waarusha, ambako nimeolewa, marehemu hatajwi jina, hasa akiwa kijana. Mimi ni Mmeru, lakini hilo nililijua vizuri. Kwa hiyo niliandika jina lake kwenye karatasi, kwa ule mwandiko uliosifiwa shuleni, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Karani wa baraza, mtu wa pwani, hata jina hakuuliza. Alianza na sababu: homa.

“Hakuwa na homa,” nikasema.

“Bibie, vijana wote wanaoanguka ghafla huku wana homa. Bwana DC hapendi nafasi tupu.”

“Ulimwona?”

“Kwani wewe ni daktari?”

Hapo nikapandwa na hasira. Mgongoni nilikuwa na mtoto mwenye damu ile ile ya marehemu, na huyu bwana ananifungia swali kwa neno moja. Nikagonga meza. Nikamwambia fulani hakuwa na homa, fulani alikuwa amebeba ndizi, fulani hajawahi kulala kitandani mchana. Jina kamili, na la ubatizo juu yake, kwa sauti ya kuongoza kwaya. Karatasi imetulia zake kwenye pindo.

Wazee waliokuwa wakisubiri kesi ya ng'ombe wakainamisha vichwa. Mama mkwe akatoka nje.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe. Nilitarajia kofi.

“Yeyo, mama, nisamehe.”

“Umeshamwita,” akasema. “Basi sikia na mwingine.”

Akanieleza habari za mdogo wake, naye bila kumtaja. Aliruka kwenye ngoma ya morani, akatua, akalala chini, hakuamka tena. “Sikumwambia mtu. Ningeelezaje bila kumtaja?”

Nikamshika mkono, tukarudi ndani.

“Andika haijulikani,” nikamwambia karani. “Na hapo chini andika kwamba mjomba wake alikufa hivyo hivyo.”

“Nikiandika hivyo, bwana DC atauliza.”

“Ndiyo. Aulize.”

Akaandika, huku akiikandamiza kalamu kana kwamba ndiyo mimi. Na DC akauliza kweli, daktari wa mjini akatuita. Akamwekea mwanangu mpira wa kusikilizia kifuani, kisha akasema leo hasikii kitu kibaya. Leo.

Basi mimi, mwanamke wa sekondari, kila nikimwogesha mwanangu namwekea sikio kifuani, nimepinda shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Yeye anadhani ni mchezo. Siku hizi ananiwekea na lake, halafu anamtangazia bibi yake: “Mama naye anagonga.”

“Huyo,” bibi yake humjibu, “hata barazani walimsikia.”