Sindano ya Bega la Mama

Mama yangu anaogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni sindano. Wakati wa vita alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi uliokuwa ukiingiza maji, mimi mgongoni na sufuria kichwani, na safari hiyo huisimulia akicheka. Lakini mwonyeshe sindano, hata ya kushonea, uone atakavyogeuza uso. Mwaka huu nilipomshawishi akadungwe begani, kazi hiyo ilinichukua wiki tatu na ugomvi mwingi.

Woga wake ulitokana na mimi. Nilikuwa na miaka sita hivi tulipokimbilia msituni, na huko malaria ikanishika vibaya hadi nikawa sijitambui. Bwana mmoja aliyekuwa mfagiaji wa zahanati kabla ya vita alikuwa na dawa ya kwinini na sindano moja. Mama alinilaza mapajani pake, akanishika nisifurukute, yule bwana akanidunga takoni. Malaria ikaondoka. Kesho yake mguu wangu wa kulia ukawa hauniitikii, na mpaka leo nauburuta kidogo. Simlaumu bwana yule. Bila yeye nisingekuwepo hata kulalamika. Nilipokuwa mkubwa nilielezwa kwamba sindano iligusa mshipa wa fahamu unaopita pale. Mama hakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Alinibeba tu mgongoni, shule kwenda na kurudi, mpaka nikafika umri wa kuona aibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wazee wanavyowakemea watoto, lakini nyumbani kwetu methali hiyo haikutamkwa hata siku moja.

Basi bega lake lilipoanza kuuma nilijua maumivu yametoka wapi, ingawa yeye aliusingizia mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Ilifika mahali hawezi kuinua mkono ajifunge kitambaa cha kichwa. Nikawa namfunga mimi, naye kila asubuhi ananiambia nafunga kama gunia la mchele.

Daktari tuliyemwendea huku mtaani kwetu Kasuku ni kijana mpole. Alimbonyeza kati ya shingo na bega, polepole, mpaka kidole kikakuta fundo gumu la msuli na Mama akaruka.

“Njo hapa inauma, Mama,” alisema. “Tutatia dawa ya ganzi kidogo ndani ya hii fundo, ipate kulegea.”

Mama aliniangalia mimi, si yeye. Safari hii mimi ndiye niliyemshika.

Kabla hatujaondoka daktari alitueleza yatakayofuata. Kichwa kinaweza kuzunguka. Mkono unaweza kuwa mzito au kufa ganzi kwa saa chache. Kesho patauma palipodungwa, labda na alama ya damu iliyovilia. Akipata homa au akishindwa kupumua, turudi mbio. Na leo asikandwe na maji ya moto, maana ngozi iliyokufa ganzi haijui kama inaungua. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Mama alikuwa anatafuta viatu vyake.

Tulirudi kwa pikipiki, yeye katikati, kichwa chake begani mwa dereva kwa sababu ya kizunguzungu. Tulipofika nilimkalisha barazani. Akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauinua, akauachia. Ukaanguka pajani kama si wake.

“Mukono yangu haisikie kitu,” alisema. “Njo vile mguu yako ilianzaka.”

“Mama, dokta alituambia. Ni ganzi, itatoka.”

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Ukweli ni kwamba niliogopa kuliko yeye. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tuliumwa pamoja. Yeye hakutaka sindano ile, niliitaka mimi. Mkono ule ungebaki hivyo, ningekula vipi chakula chake, ningemtazama vipi?

Nikaenda kuanika nguo nyuma ya nyumba ili asiuone uso wangu. Niliporudi, sufuria ilikuwa inachemka kwenye jiko la makaa na Mama ameshika kitambaa kwa mkono wa kushoto, ameshalivua bega. Hapo nilipandwa na hasira. Nilimpokonya kitambaa, nikaiondoa sufuria jikoni, nikamwambia kwamba akili ameiacha kwa daktari, kwamba ataungua mpaka mfupa bila kujua. Mama mzima, namkaripia kama mtoto.

Aliningoja nimalize.

“Ile siku mayi ya moto ilikosekana,” alisema.

“Siku gani?”

“Kule musituni. Nililomba tuwashe moto nikukande mguu. Wakubwa wakakatala. Walisema moshi itatuonyesha.” Akaushika tena mkono uliolala. “Ningekukanda, ungetembea muzuri.”

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilidhani anakumbuka jinsi alivyonishika nidungwe. Kumbe alikuwa anakumbuka maji. Hasira ilinitoka yote, nikabaki na huruma tu.

“Mama, sindano iligusa mushipa. Hata mayi ya moto ya Lualaba muzima haingesaidia.”

“Unanidanganya.”

“Sikudanganye.”

Tulikaa pale, mimi naye na ile sufuria, tukiutazama mkono. Baada ya adhana ya alasiri kidole chake cha mwisho kikacheza. Kisha cha pili. Muda kidogo akakunja uso, akaligusa bega.

“Iko inauma,” alisema, akaanza kucheka. “Inauma sana.”

Sijapata kumwona mtu aliyefurahia maumivu kiasi kile. Kesho yake pale begani paligeuka rangi ya bilinganya, naye akawaonyesha majirani wote, na juma lililofuata alijifunga kitambaa mwenyewe. Lakini jioni ile alivuta sufuria karibu, akachovya kitambaa kwa mkono uleule wa kulia, kwa makusudi.

“Leta mguu.”

“Mama, nimekuambia haisaidie.”

“Nimesikia. Leta.”

Nikaunyoosha mguu mapajani pake, mimi mtu mzima mwenye watoto. Alikanda kuanzia nyongani hadi kisigino, bila haraka, akirudi palepale nilipodungwa.

“Vidole vyangu havijasikia bado muzuri,” alisema. “Mayi iko moto?”

Yalikuwa yamepoa zamani.

“Iko moto, Mama.”