Vidole Vilivyoshika Watoto

Miaka ya hamsini, nikiwa bado bibi harusi, alikuja kisiwani kwetu Amu daktari mmoja wa Kizungu aliyekuwa akichunguza namna mifupa ya watoto inavyokua. Alikodi chumba cha chini katika nyumba ya karibu na pwani, akaweka mashine ya eksirei na injini ya kuiendesha. Alihitaji mwanamke wa kusema na kina mama na kuwashika watoto wasitikisike. Mume wangu aliniruhusu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Nilikilaza kiganja cha mtoto juu ya kibati cha filamu, nikakikandamiza kwa vidole vyangu viwili. Daktari alivaa aproni nzito ya madini ya risasi, akaenda kusimama nyuma ya ukuta. Mashine ikanguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Tulifanya hivyo kutwa nzima, mtoto baada ya mtoto.

Kina mama walikuwa wakiniuliza, "Haitamdhuru?"

"Ni picha tu," niliwajibu. Waliniamini kwa kuwa mimi ni mtu wa kwao.

Tulipopeleka mashine kijijini Siyu, bibi kizee mmoja alimvuta mjukuu wake kutoka mikononi mwangu. "Mifupa ya mtu ni ya kaburini," alisema. "Mwataka kuiangalia naye yu hai?" Niliona haya mbele ya daktari. Nikamcheka yule bibi, na wengine wakacheka pia.

Siku moja nilimuuliza daktari kwa nini yeye avaa aproni nami sina. Alikuwa akifuta miwani yake.

"Mimi nafanya kazi hii maisha yangu yote," alisema. "Kwako wewe ni ya miezi michache."

Nikamwita mtoto aliyefuata.

Alipoondoka, ngozi ya vidole vile viwili ilikuwa imeanza kukauka na kupasuka. Nilidhani ni sabuni. Nikapaka mafuta ya nazi. Kisha kucha zikawa na mistari myeusi, zikikatika nikishona kofia.

Mwaka uliofuata alinitumia kwa posta jarida la madaktari lenye makala yake. Mwalimu jirani yetu alikuja kutusomea. Ndani mlikuwa na picha ya kiganja kidogo, na juu yake mifupa ya vidole vya mtu mzima, kimoja kikiwa na duara jeupe. Niliitambua pete yangu. Mume wangu alifurahi, akataka ndugu zake waje waone.

"Hapa chini pameandikwa nini?" nilimuuliza mwalimu.

Aliinamia yale maandishi. "Asema msomaji asivijali vidole hivi. Ni vya msaidizi."

Nilivitazama vile vya kwenye karatasi, kisha nikavificha vyangu ndani ya leso.

Kidonda kilitoka kwenye kidole cha shahada, kikawa hakifungi. Nilikitia dawa za hospitali na za nyumbani, nikasomewa dua, hakikufunga. Baada ya miaka kadhaa mume wangu alinipeleka Mombasa. Daktari wa huko alikigeuza kidole changu karibu na dirisha, kwa muda mrefu.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Nilimweleza. Akaweka kalamu chini.

"Na wale watoto?" nilimuuliza. Ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

"Kila mtoto alipata mionzi ya mashine mara moja au mbili," alisema. "Wewe ulikuwamo katika kila picha."

Alikikata kidole wiki ile ile, akaniambia cha pili tukiangalie. Sikulia. Nilirudi Amu nikajifunza kula kwa vidole vilivyobaki, na kushona kofia nikaacha.

Kisha nilimwita mwalimu, nikamwomba aniandikie barua kwa yule bwana, kwa anwani iliyokuwa kwenye jarida. Sikumlaumu. Nilimwambia tu kilichonipata, nikamwomba popote aendapo na mashine ile, anayemshikia watoto naye apewe aproni na glavu. Barua ilikwenda na meli ya posta. Jibu halikuja, na kile kidole cha pili kikaanza kukauka.