Sabato Niliyomwacha Mama Peke Yake

Siku niliyorudi kwetu na sufuria yangu mwenyewe naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimevaa sketi ndefu, kichwa nimekifunga kitambaa, mkononi nina furushi la kanga. Ndani ya furushi mlikuwa na sufuria moja, sahani moja, kisu na kijiko. Unacheka? Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama mambo yangeishia hapo.

Nimesikia na wewe unataka kubadili dini, na kwamba kwenu hujasema kitu. Sikukuita nikuzuie. Mimi ni Myahudi hapa hapa Somanda, mjini Bariadi, na nitakufa Myahudi. Majirani zangu, Waislamu kwa Wakristo, wanajua kwamba Ijumaa jua likikaribia kuzama nawasha mishumaa yangu miwili na cherehani inafunikwa. Lakini njia niliyopita ina shimo, na aliyetumbukia ndiye anayejua lilipo.

Shangazi yangu aliolewa Mbale, kule Uganda, akanichukua nikajifunze kushona. Vilimani kule wapo Wayahudi weusi kama mimi na wewe, wakulima wa kahawa na ndizi, na nilipanga chumba kwa familia yao moja. Kilichonivuta hayakuwa mahubiri, maana hawahubiri. Ni Ijumaa jioni. Watu waliotoka shamba na matope miguuni wanaoga, wanavaa safi, wanakaa mezani pamoja, na baba anambariki kila mtoto kwa jina lake. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Nikasema moyoni, hapa ndipo.

Mwalimu wao, Mzee Natani, alinikatalia mara mbili. "Rudi kwenu ukawe mtu mwema, Mungu atakupokea hivyo hivyo." Mara ya tatu akanikubali, nikasoma miaka mitatu. Mwisho wakaja wazee watatu kunihoji. Mmoja akaniuliza, "Siku ya Sabato mgonjwa anakata roho na gari lipo. Utafanyaje?" Nikajibu bila kusita, "Nitampakia na nitamwahisha. Uhai unaitangulia Sabato." Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikazamishwa mtoni, nikatoka majini nikilia kwa furaha.

Swali hilo na jibu lake yashike, maana ndiyo yanayoniumiza mpaka leo.

Basi nikarudi kijijini kwetu, upande wa Lagangabilili. Kaka yangu Masunga alikuwa amechinja mbuzi. Mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, alikuwa ameshinda jikoni tangu alfajiri, na majirani wamejaa uani kuja kumwona mtoto wa Uganda. Ugali ukaletwa, nyama ikaletwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. "Kula, mwanangu, umekonda," mama akasema.

Wayahudi hatuli nyama yoyote tu, wala hatuchanganyi nyama na maziwa, na vyombo navyo vina masharti yake. Ningeweza kumvuta mama chemba nikamweleza hayo. Ningeweza kuomba kiazi cha kuchoma majivuni, nikala mbele ya watu wote, nikamshukuru. Hapana! Mimi nilikuwa nimesoma. Nikalirudisha bakuli nikasema kwa sauti, "Sili. Vyombo vyako ni najisi kwangu." Kisha nikaenda kupanga mafiga yangu matatu kando ya zizi, nikabandika maharage yangu peke yangu. Mama alisimama na upawa mkononi, akasema tu, "Haya, mwanangu." Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulivunja mifupa.

Kwetu mtoto akikiogopa chungu cha mama yake, watu hawasemi amebadili dini. Wanasema ameona kitu. Na mama yangu alikuwa mjane, umri umekwenda, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, maana kuni zilikuwa shida na tulipikia mavi ya ng'ombe. Bibi wa namna hiyo akishaitwa mchawi, uhai wake unakuwa mashakani. Wapo waliokatwa mapanga kwa macho mekundu tu. Mimi nilizaliwa pale, nilikua pale, nilikuwa nayajua yote hayo. Lakini akili yangu ilikuwa imehamia Mbale.

Nilikaa kwa mama siku tatu, nikaja kupanga chumba hapa Somanda, nikaanza kushona. Mwezi wa pili mtoto wa jirani yao akafa kwa homa. Mambo yakaanza kwa minong'ono kisimani, yakafika kwa mganga, na kila mdomo ulikuwa na ushahidi mmoja: hata binti yake wa kumzaa alikataa kula kwake.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, Masunga akafika kwa baiskeli, jasho linamtoka.

"Twende, Nyanzobe. Leo saa tisa kuna dagashida, kijiji kizima kinakutana. Wanamjadili Mayu. Wewe ndiye ushahidi wao. Njoo uwaambie kwa nini hukula. Maneno mawili tu."

Nikamwambia, "Leo ni Sabato. Sipandi baiskeli. Nitakuja jua likizama."

"Na wakimuua?"

"Mungu atamlinda."

Akageuza baiskeli. "Mungu ndiye aliyenituma kwako," akasema, akaondoka.

Nikabaki na kitabu changu cha sala, nisisome hata mstari mmoja. Lile swali la wazee watatu likanijia, na jibu nilikuwa nalo. Hata kwa miguu ningefika kabla ya saa tisa! Hiyo ndiyo aibu yangu, mwanangu. Sikukosa kwa kutojua. Niliogopa kwamba jaribu la kwanza tu nitaonekana mwepesi, Myahudi wa juzi asiyeshika Sabato. Nionekane na nani? Chumbani nilikuwa mwenyewe.

Jua lilipozama nikaanza safari, nikafika kesho yake asubuhi. Mama alikuwa amekaa mkekani nje ya nyumba, vitu vyake vimefungwa. Kijiji kilikuwa kimemtenga: asipewe moto, asiteke maji kisimani, ahame. Masunga alijieleza mpaka sauti ikakauka, wakamwuliza swali moja tu: "Mbona dada yako hakuja?"

Nililia, nikawafuata wazee nyumba kwa nyumba, nikawaeleza habari ya nyama na maziwa, na kwamba mama yangu hana kosa. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti, jana tungekusikia. Leo neno limeshatoka." Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikaja na mama kwenye chumba changu hapa Somanda. Jioni ile nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani, sina nguvu hata ya kuwasha jiko. Mama alikuwa na njaa. Akasimama mbele ya sufuria yangu, mikono ameirudisha nyuma, akaniuliza polepole, "Nyanzobe, nikiigusa nitakuharibia?"

Nimezaa na nimezika, mwanangu, lakini neno lililonikata kama lile sijalisikia tena.

Baadaye nilisafiri mpaka Mbale kumweleza Mzee Natani. Nilitegemea anifariji. Aliniuliza, "Nani alikufundisha kwamba mama yako ni najisi?"

"Nilisema vyombo, Mwalimu."

"Ulimwambia sababu?"

"Hapana."

"Basi alisikia nini? Tumekufundisha sheria ya chungu. Sheria ya mama ilikuwepo kabla, imeandikwa katika zile amri kumi, wala hukuhitaji kuja kwetu kuijua. Na Sabato ile uliyokaa chumbani, usiihesabu kuwa uliishika." Akanipa maji ya kunywa, nikarudi Bariadi.

Mama aliishi nami miaka saba. Alijifunza masharti yangu yote, akawa mkali kuliko mimi. Ijumaa nikijisahau ananikemea, "Wee, jua linazama, funika cherehani!" Hakubadili dini yake, wala sikumwomba. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Ila mvua za kwanza zikinyesha alikuwa anaulizia shamba lake, nani analilima, na kama kaburi la baba limepaliliwa. Hapo nilikuwa natoka nje nisionekane.

Alipofariki, Masunga aliomba kijiji kituruhusu kumzika kando ya baba, wakakubali. Walewale waliomtenga ndio waliochimba kaburi. Aliingia kwake akiwa amebebwa.

Sasa nisikilize. Kama moyo wako umeiona njia, ifuate, na uijue vizuri kabla hujaifuata. Lakini mama yako awe wa kwanza kuambiwa, asiwe wa mwisho. Mwambie kwa lugha anayoielewa, ukiwa umekaa naye chini. Sahani ambayo huwezi kuila, ipokee kwa mikono miwili, kisha useme sababu. Na dini yako ikikuambia ukae wakati anayekupenda yuko hatarini, jiulize kama ni dini inayosema au ni kiburi chako kimevaa nguo zake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi nimeshamlea huyo mjukuu, amekuwa mtu mzima, bado yumo ndani yangu.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe imani ambayo mama yako hatakuwa na sababu ya kuiogopa, na mdomo mpole wa kumweleza. Na siku utakayokwenda kumwambia, akufikishe umkute bado yuko kwake. Amina.