Handaki la Magesa

Jumamosi ile kaka yangu Magesa aliwapakia walimu wanne kwenye mtumbwi wa marehemu baba, akawapeleka kuona mawe yaliyosimama ndani ya ziwa. Haikuwa kazi yake. Yeye alikuwa mvuvi. Ila mgeni yeyote akishuka Musoma, Magesa alimhesabu amekuja kwake. Atampandisha kilimani Mukendo, atamwonyesha boma la Wajerumani na kumweleza historia ya mji, nusu ya kweli, nusu ya kwake. Jioni alirudi nyumbani Mwisenge na sato wawili, akijisifu kwamba mwalimu mmoja alisahau viatu juu ya jiwe kwa uzuri wa mahali. Tulicheka, tukala ugali.

Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba nchi imevamiwa upande wa Kagera. Balozi wa nyumba kumi akapita akiagiza kila kaya ichimbe handaki, maana ndege za adui zingeweza kuvuka ziwa. Magesa alichimba letu kwa siku mbili, nyuma ya jiko. Mama hakulipenda hata kidogo. Kwetu kaburi likishachimbwa halilali tupu, na kwake yeye shimo la urefu wa mtu lilikuwa kaburi, uliite jina lolote.

“Shimo kama hili haliachwagi wazi,” alimwambia. “Linaitaga mtu.”

“Hili litaita watu watatu, mama, na wote wazima,” Magesa alijibu.

Siku moja mchana chuma cha shule kiligongwa mfululizo.

Mngurumo ulitoka upande wa ziwa.

Niliruka ndani. Mama alibaki ukingoni, ameshika mwiko.

Magesa alimbeba kama gunia la mihogo, akashuka naye. Tulilala kifudifudi. Niliogopa mpaka nikashindwa kusali.

Ndege ikapita. Ilikuwa yetu.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampiga Magesa mgongoni kwa mwiko. Sikumsikia tena akicheka vile.

Mwezi haukuisha, Magesa akaitwa pamoja na mgambo wenzake, lori likawachukua. Barua yake moja tu ilitufikia. Aliandika kwamba Bukoba nako kuna ufukwe mzuri, lakini haufikii wetu. Vita vilipokwisha tulikwenda kuwapokea askari mara tatu, na mara zote tatu Magesa hakuwamo. Wenzake walisema walimwona mara ya mwisho akivuka mto. Mwili hakuna, karatasi hakuna.

Majirani walifukia mahandaki yao, wakapanda migomba. Mama alikataza letu lisiguswe. Yeye aliyelichukia sasa alilifagia, na mvua ikinyesha aliyachota maji kwa ndoo. Ikapita miaka mitano. Ndipo baba mdogo Masatu akaja na neno la ukoo: asiyerudi huzikiwa shina la mgomba, apumzike, na walio hai waendelee na maisha. Desturi hiyo ni yetu, na ina huruma yake.

“Shemeji,” mama alimjibu, “mwanangu si mgomba.”

Kosa langu ndilo hili. Nilikuwa na mchumba, na wazee walisema posa haipokelewi kwenye nyumba ambayo msiba haujamalizwa. Nilichoka kungoja. Mama alipokwenda Bunda kumwuguza dada yake, nilimwambia baba mdogo aje. Tulilivika shina la mgomba sanda, tukalizika mle handakini, tukanyoa nywele. Mama alirudi akakuta ardhi imesawazishwa na binti yake ana upara. Hakunitukana.

“Mlimuuliza nani?” alisema, kisha akaingia ndani.

Niliolewa. Mume wangu alikuwa mtu mwema, na hata hivyo kila sikukuu mama alipompakulia chakula niliona haya.

Siku hizi mimi ndiye ninayewatembeza wageni kwenye yale mawe na lile boma. Mwaka jana alikuja mama mmoja wa Norwe, wa rika langu, kutoka mji mdogo wa wavuvi pwani ya kwao. Alisema mji wao nao ulipitiwa na vita, na handaki la wakati ule limehifadhiwa. Wageni huanzia hapo kabla hata ya kuiona bandari.

“Mahandaki ya kwenu yako wapi?” aliuliza.

Nilimwambia tuliyafukia. Nilitamani kumweleza letu lilifukiwa na nini, nikashindwa. Kaka yangu alichukuliwa na vita. Matumaini ya mama niliyachukua mimi, na siwezi kuvisingizia vita.

Mama alipozidiwa, ndugu walimuuliza azikwe wapi, wakidhani atachagua kando ya mwanawe. Alinishika mkono mimi, akanitazama.

“Msinizike kule nyuma ya jiko,” alisema. “Nizikeni mbele, karibu na barabara. Magesa akija, anikute mimi kwanza.”

Tukamzika mbele.